Moshi na Moto: Kofia ya Shaba na Hadithi za Wazimamoto

Ofisini mwangu mjini Moshi, juu ya kabati la vitabu, ipo kofia moja ya shaba. Mwenzangu mmoja aliyekuwa masomoni Ufaransa aliinunua katika soko la vitu vya kale akaniletea zawadi. Ni kofia ya mzimamoto. Imefuliwa kwa bamba jembamba la shaba ya manjano, na juu yake, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, umepita ukingo ulioinuka mfano wa kishungi cha jogoo. Mbele pamepigiliwa bamba jingine lenye mashoka mawili yaliyopishana na kombora dogo linalotoa ndimi za moto. Chini yake imeandikwa kwa Kifaransa kwamba mwenye kuivaa ni mzimamoto wa kiwanda fulani. Jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi kubwa. Jina la mtu halimo. Ndani imebaki ngozi iliyogeuka nyeusi kwa jasho, na jasho hilo ndilo alama pekee ya mtu aliyeivaa.

Nataka kuitumia kofia hii kulipa deni. Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki hadithi za wazimamoto, yaani masimulizi yaliyoenea Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni na baada yake, yasemayo kwamba wazimamoto walikuwa wakikamata watu usiku ili wawanyonye damu. Swali langu ni moja: Je, masimulizi haya ni fasihi inayostahili kusomwa na kuhakikiwa, au ni hofu ya watu wasiojua, ambayo mwalimu hana budi kuisahihisha? Kwa miaka mingi nilishika jibu la pili. Leo naona nilikosea, na yafaa nieleze nilivyokosea, maana nadhani kosa hilo si langu peke yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo, niliwapa wanafunzi kazi ya kukusanya ngano moja kutoka kwa mzee wa nyumbani na kuieleza. Mwanafunzi mmoja, binti wa vijiji vya mlimani, hakuleta sungura wala zimwi. Alileta habari aliyosimuliwa na bibi yake. Mtu mmoja wa kijijini kwao aliteremka kwenda mjini kuuza ndizi; jioni ikamkuta njiani; likaja gari lisilo na madirisha, akapewa lifti. Siku ya tatu alirudi amekonda, hana rangi, na tangu siku hiyo hakuwahi kueleza alikokuwa. Kijijini wakasema: wazimamoto. Mwishoni binti yule aliandika maneno ya bibi yake kama yalivyotoka kinywani: "Kituoni mwao mlikuwa na maji mengi, lakini sisi hatukuzimiwa nyumba hata moja." Nami nikapiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, nikaandika pembeni: "Imani potofu. Haihusiani na somo." Nikampa alama ya chini, naye akaipokea bila neno.

Kofia ilipofika, niliiweka mezani darasani nikawataka wanafunzi waisome kama wanavyosoma shairi, yaani waseme ilikuwa ya nani, na wamejua kwa alama zipi. Mmoja alisema ni ya askari wa Kirumi. Mwingine alisema ni chombo cha kanisani. Mwingine alidhani ni taji la mfalme mdogo. Hapana aliyetaja mzimamoto. Jioni mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku aliingia kufunga madirisha. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, hii ni ya wazimamoto."

"Umejuaje, Mzee?"

"Mashoka haya. Halafu inang'aa mno. Kitu cha kazi haking'ai hivi." Akacheka kidogo, akaongeza, "Tulipokuwa watoto, tukiliona gari lao tu, tulikimbilia migombani."

Mzee yule hakuwa amesoma uhakiki, lakini alifanya yale ambayo darasa zima lilishindwa kufanya. Alitafuta alama, akaipata. Kisha akalinganisha mng'aro wa kitu na kazi inayodaiwa kufanywa nacho, akaona havipatani. Mashaka yake juu ya mng'aro ndiyo yaliyonirudisha kwenye sentensi ya bibi niliyoipigia mstari. Basi na tuanze na mng'aro huo.

Usiku wa tarehe 1 Julai 1810 moto uliunguza ukumbi wa dansi iliyoandaliwa na balozi wa Austria mjini Paris, Napoleon mwenyewe akiwa miongoni mwa wageni. Watu kadhaa walikufa, na wazimamoto wa mji walionekana hawafai. Mwaka uliofuata, 1811, Napoleon aliunda kikosi kipya cha kijeshi. Tangu hapo mzimamoto wa Ufaransa akawa namna ya askari: ana cheo, ana gwaride, na ana kofia ya shaba inayosuguliwa mpaka mtu ajione usoni mwake. Desturi hiyo ilienea katika miji midogo na katika viwanda vikubwa, ambavyo viliunda vikosi vyao kutokana na wafanyakazi wao wenyewe. Ilivuka bahari pia. Mwaka 1868 Kapteni Eyre Massey Shaw, mkuu wa wazimamoto wa London, aliwavika watu wake kofia za shaba baada ya kuziona zile za Paris. Katika miaka ya 1930 London iliziacha, kwa sababu nyumba zilikuwa zimejaa nyaya za umeme, na shaba hupitisha umeme. Kofia iliyokusudiwa kumkinga mtu kichwa ilikuwa imeanza kumhatarisha.

Haifai kuidharau shaba kwa hayo. Kishungi chake kiliweza kupotosha kigae au boriti inayoanguka, na mng'aro wake ulimfanya mtu aonekane katika moshi. Lakini mtu akiangalia lile bamba la mbele ataona kwamba kofia ilikuwa na kazi ya pili. Ilitangaza. Kwa wafanyakazi na majirani ilisema kwamba moto ukizuka hapa, wapo watu wenye wajibu wa kuuzima, na wajibu huo una mwenyewe, ambaye jina lake limeandikwa usoni. Ilikuwa ahadi iliyovaliwa kichwani. Na ahadi ya kikosi cha kiwanda ina mpaka ulio wazi: moto unaohusika ni ule wa kiwanda. Nyumba ya jirani ikiungua, huenda wakaja, huenda wasije. Kofia yenyewe haikumtaja jirani.

Kutoka kwenye kofia tuje kwenye neno, maana ahadi hiyo hiyo imo katika neno letu. Mfaransa humwita mtu huyu sapeur-pompier, na ndani ya jina hilo mna vyombo na ufundi: mna uchimbaji wa askari wa sepetu, na mna pampu. Kiswahili kimefanya vingine. Neno mzimamoto limejengwa kwa kitenzi na yambwa yake, kama mpigambizi, mlarushwa na mvujajasho. Jina la namna hii halitaji chombo wala cheo, lataja tendo. Tena lataja tendo lililokwisha kufikia mwisho wake, maana moto uliozimwa ni moto usiokuwapo tena. Hakuna nafasi ndani ya neno hili ya mtu aliyejaribu akashindwa, wala ya mtu aliyefika akakuta majivu. Anayeitwa mzimamoto ameahidi kwa jina lake kwamba ataumaliza moto. Maneno ya aina hii ni makali kwa mwenye kuyachukua, kwa sababu kila siku watu wanaweza kulipima jina kwa tendo.

Sasa tuzitazame hadithi zenyewe. Mzizi wake mmoja ni mkongwe kuliko zimamoto. Neno mumiani lilitujia kutoka Uajemi na Uarabuni, nalo lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi mfano wa lami au ulimbo, kilichotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza dawa hiyo, na papo hapo yaeleza kwamba watu wengi waliamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Hofu hiyo ilipata majina mengi kadiri ilivyosafiri: banyama katika Zambia ya leo, batumbula huko Katanga, mumiani katika pwani na bara ya Tanganyika. Nchini Kenya na Uganda ilipata jina la wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika nchi hizo mbili, na katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, alionyesha kwamba jina la wazimamoto lilienea hata mahali ambapo hapakuwa na kikosi cha kuzima moto. Masimulizi aliyoyakusanya yana mashimo yaliyofichwa, magari yaliyofungwa pande zote, dawa ya kumlaza mtu usingizi, na watu waliorudi dhaifu au wasiorudi kabisa.

White ni mwanahistoria, na shabaha yake ni kuonyesha kwamba uvumi ni ushahidi wa jinsi watu walivyoishi na walivyoufikiria utawala. Hoja yake ni nzuri nami naikubali. Lakini mhakiki wa fasihi ana kazi iliyobaki, nayo ni kuuliza hadithi hizi zimejengwaje, na kwa nini ujenzi wake unashika masikio ya watu.

Tuzilinganishe na ngano za zimwi. Ngano huanza kwa kumpeleka msikilizaji mbali: zamani za kale, katika nchi isiyo na jina. Umbali huo ni ruhusa. Mtoto akisikia "Paukwa!" akajibu "Pakawa!", anajua kwamba kwa muda fulani atasikia yasiyokuwapo, na akimaliza atarudi nyumbani salama. Hadithi ya wazimamoto haina mlango huo. Yaanza karibu: barabara fulani, jioni fulani, mtu fulani wa ukoo fulani. Msimulizi hakuona mwenyewe, lakini alimjua aliyeona. Shahidi daima yuko hatua moja tu mbele yetu, hafikiki wala hakanushiki. Ngano huisha kwa zimwi kuuawa au kwa funzo. Hadithi ya wazimamoto huisha kwa onyo la matumizi: usipite njia ile, usipande gari usilolijua. Kwa hiyo msikilizaji hatoki nje ya hadithi inapokwisha. Anatoka nyumbani asubuhi ya pili akiwa bado yumo ndani yake.

Katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi aliyatenga masimulizi ya kubuni, aliyoyaita hadithi, na masimulizi ya kihistoria, aliyoyaita salua. Mgawanyo huu umetufaa sana, nasi twaufundisha kila mwaka. Lakini simulizi la bibi yule lakaa mpakani. Kwa sauti yake ni salua, maana yataja mahali, wakati na jamaa. Kwa umbo lake ni hadithi, maana lina safari, mtego, siku tatu na kurudi, kama tulivyozoea kuona katika ngano. Nadhani nguvu yake yatoka hapo hapo mpakani. Nami, kwa kuwa halikuingia katika kisanduku chochote nilichokuwa nimekifundisha, nililitupa nje ya somo. Nililaumu simulizi kwa upungufu wa visanduku vyangu.

Hata hivyo umbo peke yake halijibu swali kubwa: kwa nini wazimamoto? Kwa nini si matarishi, au wapimaji wa ardhi? Sababu zinazoonekana kwa macho ni nyingi. Gari lao lilikuwa jekundu. Liliruhusiwa kwenda mbio usiku. Pampu yao hunyonya kabla haijatapika, na mtu aliyeuona mpira mnene ukiingizwa kisimani na maji yakipungua hakuhitaji mtu wa kumfundisha tashbihi. Lakini alama hizi zote zingebaki mchezo wa macho kama lisingekuwapo lile alilolitaja bibi: "Sisi hatukuzimiwa nyumba hata moja."

Naomba msomaji aipime sentensi hiyo kama anavyopima mstari wa shairi. Kitenzi kimefanyiwa mambo matatu. Kimetendewa, maana bibi na watu wake ndio wanaopokea tendo. Kimepewa kauli ya kutendea, kuzimiwa, maana swali ni moto ulizimwa kwa ajili ya nani. Tena kimekanushwa. Katika neno moja, hatukuzimiwa, bibi amelichukua jina la mzimamoto, akalirudisha kwenye kitenzi chake, akalipima, akatoa hukumu. Kule mlimani nyumba za nyasi zilipoungua, majirani walikuja na maji ya mfereji na migomba iliyokatwa, maana shina la mgomba limejaa maji. Hao ndio waliozima moto, wala hawakuitwa wazimamoto. Mjini walikuwapo watu wenye jina, wenye gari, wenye maji, lakini macho ya bibi hayakuwaona wakilitenda jina lao kwa faida ya watu wa kwao. Basi akili ikauliza swali la haki kabisa: Kama hawazimi moto wetu, maji yale yote na gari lile ni kwa kazi gani?

Hapo ndipo hadithi inapoanza. Jina limetoa ahadi. Ahadi haikuonekana kutimizwa. Nafasi iliyobaki wazi kati ya jina na tendo ikajazwa damu. Jibu la hadithi ni la uongo, lakini swali lake ni la kweli. Ni swali lile lile ambalo kofia ya Mfaransa ililijibu waziwazi kwa kuandika jina la kiwanda mbele: moto wa nani? Katika miji ya kikoloni jibu halikuandikwa usoni mwa mtu, lakini watu walilisoma katika mpangilio wa mji, mahali kituo kilipokuwa na mahali nyumba zao zilipokuwa.

Najua pingamizi litakalotolewa, nami nalitoa mwenyewe kabla ya mwingine. Hadithi hizi hazikubaki maneno. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, ghasia zilizotokana na habari za mumiani zilimwua askari polisi. Mtu yule hakuwa tashbihi. Alikuwa na damu yake mwenyewe, nayo ilimwagika kwa sababu ya hadithi ya damu. Mhakiki anayezisifu hadithi hizi kwa ufundi wake tu, asitaje kifo hicho, atakuwa amefanya kosa lililo kinyume cha langu, wala si dogo kuliko langu. Mimi nilimnyamazisha msimulizi. Yeye atamsahau aliyeuawa.

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Sisemi kwamba jina la mji wetu limetokana na neno hilo la Kiswahili, lakini mkazi wa Moshi ana sababu ya kuifikiri methali hii mara mbili. Methali yasema kwamba moto upo. Haisemi nani ameuwasha, wala haituagizi tumpige wa kwanza tunayemwona karibu nao. Uvumi ni moshi. Asiyeujali huacha nyumba iungue. Anayeufuata kwa rungu huua asiyehusika. Kazi ya mhakiki, kwa maoni yangu, ni kusikiliza shtaka bila kuupokea ushahidi: kukubali kwamba bibi ana kesi ya haki juu ya ahadi isiyotimizwa, na kukataa kabisa kwamba gari lisilo na madirisha lilijaa damu. Mambo haya mawili yaweza kukaa katika kichwa kimoja. Tusipowafundisha wanafunzi kuyaweka pamoja, watachagua moja, na kila moja likiwa peke yake lina hatari.

Wala tusidhani kwamba hukumu ya watu juu ya neno hili imekwisha. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania, na leo mwenye kuunguliwa hupiga namba 114. Wazimamoto wetu hutoa watu visimani, katika magari yaliyogongana na katika mafuriko. Hofu ya damu imewaondokea. Hata hivyo lugha bado inawapima. Wakazi wa miji wana mzaha wa siku zote kwamba watu wa faya wamekuja bila maji, mzaha ambao mara nyingi hauwatendei haki, maana msongamano wa magari na mitaa isiyo na njia si makosa yao. Tena wanafunzi wetu husema wamesoma "kwa zimamoto" wakiwa na maana kwamba hawakufungua daftari mpaka usiku wa kuamkia mtihani, na mipango iliyofanywa kwa haraka baada ya jambo kuharibika huitwa mipango ya zimamoto. Neno limepata maisha ya tatu. Kwanza lilikuwa ahadi, kisha likawa hofu, sasa limekuwa kejeli. Katika maisha yote matatu watu wanapima kitu kile kile: umbali ulioko kati ya jina na tendo, na kati ya moto kuwaka na msaada kufika.

Ipo siku umbali huo ulionekana kwa macho ya wote. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, kwenye njia ya wageni wanaopanda Kilimanjaro kati ya Mandara na Horombo. Upepo na ukavu viliuchukua. Usiku, kutoka Moshi, tuliuona mstari mwekundu ukitambaa juu ya mlima, na mchana moshi ukakaa juu yetu. Ulidumu kwa siku nyingi, na zaidi ya kilomita za mraba 95 ziliungua. Walioupanda mlima kwenda kupambana nao walikuwa askari wa hifadhi, wazimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na mamia ya wanavijiji wa kando ya mlima. Wengi wao walishika matawi mabichi, mapanga na majembe. Walipiga ndimi za moto kwa majani, wakafyeka na kuchimba njia tupu ili moto ukose cha kula. Magari mekundu yasingeweza kufika kule, na kofia ya shaba isingemfaa mtu kitu katika baridi na mwinuko ule.

Moto ule ulikuwa wa nani? Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha katika makala ya mwaka 2005 kwamba moto unaochochewa na ukame umeisukuma misitu ya juu ishuke, na kwamba kupotea kwa misitu inayokinga maji ya ukungu ni hasara nzito kwa maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu ambako dunia nzima inakulilia. Maji hayo ndiyo yanayoingia katika mifereji ya Wachagga, ile mifongo iliyochimbwa na mababu, na ndiyo yanayoshuka mpaka mashamba ya tambarare. Kwa hiyo wanavijiji waliopanda na matawi walikwenda kuzima moto wa nyumba yao, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa msitu. Watu wale wale ambao bibi alisema hawakuzimiwa nyumba hata moja, wajukuu wao walipanda kuwazimia wengine. Jina la wazimamoto liliwastahili kwa siku hizo, na hapana aliyewapa bamba la kuandika.

Nirudi sasa kwenye kofia, maana ina neno moja la mwisho kwetu sisi wahakiki. Katika karne ya 19 Wafaransa walipata neno la dhihaka kwa michoro mikubwa iliyosifiwa katika vyuo vya sanaa, iliyojaa mashujaa wa Kiyunani waliosuguliwa vizuri na wasio na uhai. Waliiita sanaa ya pompier, sanaa ya mzimamoto. Yasemekana ni kwa sababu kofia za mashujaa hao zilifanana na kofia za shaba za wazimamoto. Neno hilo bado hutumika kwa mtindo wowote unaong'aa kuliko unavyofanya kazi. Nilipolisoma nilikumbuka maandishi yangu mekundu pembeni mwa karatasi ya yule binti. "Imani potofu. Haihusiani na somo." Yalikuwa maneno yenye mng'aro wa cheo. Yalitangaza kwamba hapa yupo mwalimu mwenye wajibu wa kulinda fasihi. Lakini fasihi ilipokuja mbele yake kutoka kinywani mwa mwenyewe, hakuitambua.

Nilimtafuta mwanafunzi yule. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilimwandikia kumwomba radhi na kumwomba, kama bibi yake angali hai, amsikilize tena na kuandika kila alilolikumbuka: kituo kilikuwa wapi, gari lilikuwa la rangi gani, nani mwingine aliyerudi. Alinijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili. Bibi alikwisha kufariki. Baada ya alama ile hakumwuliza habari nyingine za namna hiyo, kwa kuwa alidhani hazina maana. Karatasi anayo bado, na mstari wangu mwekundu ungali chini ya sentensi ile. Kwa kadiri anavyojua, hayo ndiyo maandishi pekee ya simulizi la bibi yake.

Nimeyaandika haya ili msomaji aliye mwalimu ajue thamani ya wino huo. Wazee waliokimbilia migombani walipoliona gari jekundu sasa ni wachache katika miteremko ya Kilimanjaro, na kila mwaka wanapungua. Mwanafunzi mwenye babu au bibi wa umri huo asingoje mtaala umruhusu. Aende akasikilize, aandike jina la mahali na wakati, aandike sentensi kama ilivyosemwa, bila kuisahihisha wala kuiamini. Hukumu itakuja baadaye, na itakuwa na kitu cha kuhukumu.